Mnasifia matofali ya mahakama ya Sumner, Emmett Till mmemficha wapi?

Wakuu, nina hasira. Kuna video inasambaa, mwenzetu aliyeko Marekani anazungusha kamera kwenye mahakama ya kaunti ya Tallahatchie, mjini Sumner, Mississippi. Anasifia mnara, matao, matofali, "jengo la kale limekarabatiwa vizuri". Basi. Emmett Till hatajwi hata mara moja!

Humo ndani, Septemba 1955, Wazungu wawili, Roy Bryant na J.W. Milam, walishtakiwa kwa kumuua Emmett, mtoto Mweusi wa miaka 14 aliyetoka Chicago kuwatembelea ndugu zake. Mwili uliopolewa mtoni, shingoni amefungwa kwa seng'enge feni ya mashine ya kuchambulia pamba. Mama yake, Mamie, aliapa kwamba maiti ile ni ya mwanawe. Sherifu wa kaunti, ambaye kazi yake ilikuwa kumtafutia haki, akapanda kizimbani upande wa utetezi kutia shaka! Mzee Moses Wright, ndugu aliyempokea Emmett, alisimama mbele ya ukumbi uliojaa Wazungu, akawanyooshea kidole waliokuja usiku kumchukua mtoto nyumbani kwake. Kwa Mtu Mweusi wa Mississippi ya siku zile huko kulikuwa kuweka roho rehani, na baada ya kesi ilimbidi ahame.

Juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, ilikuwa wanaume 12, Wazungu watupu. Dakika 67, wakarudi na jibu: hawana hatia. Mmoja wao akasema wasingesimama kunywa soda wangemaliza mapema zaidi. Soda! Januari 1956 wauaji wakalisimulia jarida la Look jinsi walivyoua, tena kwa malipo, na kwa kuwa walishaachiwa huru hawakuweza kushtakiwa upya kwa mauaji hayo.

Nje ya mahakama hiyo kulisimamishwa sanamu ya askari wa Confederacy (majimbo ya kusini yaliyopigana kutetea utumwa) mwaka 1913. Till alisubiri mpaka 2007, wananchi wa kaunti, Weusi na Wazungu, waliposimama pale mbele kusoma tamko la kuiomba radhi familia yake. Miaka 52! Na kibao chake cha kando ya mto kimepigwa risasi mara kadhaa, mpaka 2019 kikawekwa kisichopenya risasi.

Huo ukarabati mnaousifia ulifanywa ili ukumbi urudi ulivyokuwa siku ya kesi. Tangu 2023 jengo ni sehemu ya kumbukumbu ya taifa yenye jina la Emmett na mama yake.

Mwenye video aitoe, airekodi upya, na amtaje mtoto kwa jina. Nanyi mlioisambaza, sahihisheni kwenye kurasa zenu.