Shamba la urithi lilikuwa na mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Naweza kulima mahindi?

Mwana wa Geita:
Wakuu, heshima kwenu. Marehemu mzee alimkodishia mtu eka tatu kijijini kwetu, mkoani Geita. Makubaliano ya mdomo, shahidi balozi wa nyumba kumi. Jamaa akaweka makarasha (mashine za kusaga mawe), mwalo wa kuoshea na matenki manne ya saruji ya kuchenjulia marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuosha, kwa kemikali ya sumu ya sainaidi. Mwaka 2019 akang'oa injini usiku, akapotea. Simu haipatikani hadi leo.

Kwenye mgawo wa urithi eneo hilo limeniangukia mimi. Kuna vilima viwili vya marudio, mchanga laini wa kijivu, na kiangazi vumbi lake linaishia nyumbani. Pembeni mwa matenki ardhi ina ukoko mweupe, hata ndago hazioti. Mkulima akikuta ndago imekataa mahali, anajua pana jambo. Kisima chetu kiko chini ya mteremko, kama hatua sitini.

Nikisawazisha kwa trekta na kumwaga samadi ya kutosha, nipande mahindi msimu huu? Halafu kuna mtu anataka marudio yote kwa laki nane. Nimuuzie?

Karasha Mstaafu:
Mkuu, trekta usilete! Uchafu ulio kwenye robo eka utautandaza eka zote tatu.

Nimekaa kwenye mialo miaka kumi na moja. Sainaidi juu ya ardhi jua na hewa huivunja, baada ya muda wote huo si hiyo ya kukunyima usingizi. Hofu yangu ni zebaki, ile metali ya majimaji ya kukamatishia dhahabu: haiozi wala haivunjiki. Ulizia dhahabu iliyoshikwa na zebaki ilikuwa inachomewa wapi, mara nyingi ni chini ya mti au nyuma ya kibanda cha mlinzi. Hapo ndipo pabaya kuliko kwenye matenki.

Na tulikuwa tunakamatisha dhahabu kwa zebaki kwanza, kisha mchanga uleule tunautia kwenye sainaidi. Sainaidi inaiyeyusha zebaki iliyobaki, inaondoka na maji. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeitaja kati ya njia mbaya zinazotakiwa kukomeshwa. Sisi tulijiona wajanja.

Bwana Udongo:
Mleta mada, kipimo cha kawaida cha shamba kitakupa naitrojeni, fosforasi na uchachu, basi. Omba kwa jina sumu hizi: zebaki, risasi (metali, si ya bunduki) na aseniki, kwa udongo na kwa maji ya kisima. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya kanda Mwanza, anzia hapo.

Usichanganye udongo wa shamba zima kwenye mfuko mmoja. Pa kuchomea mfuko wake, matenki wake, vilima wake, njia ya maji wake, na mmoja kutoka juu ya mteremko ambako mtambo haukufika, uwe wa kulinganishia. Kila mfuko chota sehemu tano, kina cha kiganja.

Wakati unasubiri, mpunga na mchicha weka mbali na hapo. Udongo wa majaruba unaibadili zebaki kuwa ya sumu zaidi, na majani ya mboga yanadaka vumbi. Panda mkonge au nyasi za kushika ardhi.

Nesi wa Zamu:
Nyie mnaongelea mahindi. Kuna watoto hapo? Na huo mchanga kuna aliyeuchukua kujengea?

Mwana wa Geita:
Wapo wanne, mdogo ana miaka miwili. Wanautelezea kwa madumu. Na ndiyo, majirani wengi wamepigia plasta kwa sababu ni laini. Jiko la mama pia.

Nesi wa Zamu:
Basi shamba lisubiri. Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, wanakijiji walisaga mawe ya dhahabu majumbani, mawe yakawa na risasi. Watoto mamia walikufa. Madaktari walianza kutibu watoto ambao nyumba zao zimeshasafishwa, maana kumtibu na kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kazi bure. Waliparua udongo wa juu kwa majembe, wakaufukia mbali, wakaleta mwingine safi.

Zungushia miiba leo. Jiko lifutwe kwa kitambaa chenye maji, ufagio mkavu hapana. Maji mkachote kwingine, kuchemsha hakutoi metali.

Mswahili wa Mikindani:
Kaka, jirani zetu wa Owino Uhuru, mtaa wa hapa Mombasa, waliingiliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikafuta, na Mahakama ya Juu ikarudisha Desemba 2024. Vipimo vya damu na vya udongo vilikuwa sehemu ya ushahidi. Wewe huna hata karatasi ya kukodisha, kwa hiyo piga picha, andika barua serikali ya kijiji, nakala kwa wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC). Sheria yenu ya mazingira ya 2004 inasema mchafuzi hulipa, ila lazima apatikane.

Karasha Mstaafu:
Laki nane: muulize atachenjulia wapi. Akisema hapohapo, mfukuze. Akiwa na leseni na anayabeba, mwandikiane mbele ya mtendaji kwamba anaparua hadi ardhi ya asili.

Mwana wa Geita:
Nimempigia. Alitaka kutumia matenki yaleyale. Miiba tumeweka jioni hii, mama kahamishia jiko chini ya mwembe. Mlinzi wa zamani nimempata, anasema walichomea kwenye kibanda. Hicho kibanda ndicho banda letu la kuku.

Nesi wa Zamu:
Mayai mnakula?