Baba mkwe anataka kifungua kinywa cha Kiingereza: hoteli, baa au tupike nyumbani?

Mtoto wa Chumbageni
Wakuu, salaam. Baba mkwe anaingia Jumamosi ijayo, ndiyo mara yake ya kwanza kuja huku. Kwenye simu ameshamwambia mke wangu kuwa siku ya kwanza anataka kifungua kinywa cha Kiingereza kilichokamilika. Nina njia tatu: bafe ya hoteli, baa mojawapo ya Waingereza, au tupike nyumbani. Ipi nishike? Mzee huyu amenipokea vizuri tangu siku ya kwanza, sitaki kumwangusha.

Kijiko
"Huku" ni wapi mkuu? Humu tupo kuanzia Muscat hadi Tokyo. Halafu mzee anakula kitimoto? Na nyinyi je? Bila hayo mawili tutabaki kubahatisha tu.

Mtoto wa Chumbageni
Samahani. Kuala Lumpur, tunakaa Bangsar. Mimi na mke wangu ni Waislamu, yeye alisilimu kabla hatujaoana. Baba yake ni wa Leeds, siyo Mwislamu, anakula kila kitu.

Kijiko
Basi nenda baa, zile za Changkat Bukit Bintang. Mwingereza akisema kimekamilika, hesabu yake ina soseji ya nguruwe na bekoni ya mgongo, ile pana yenye nyama, siyo ile ya Kimarekani ya tumbo yenye mistari ya mafuta. Hoteli nyingi za hapo hupika bekoni ya ng'ombe au ya bata mzinga na soseji za kuku ili kila mtu ale. Ni chakula kizuri, ila siyo alichokiomba. Bei ukiiona kwenye menyu ongeza 10% ya huduma na 6% ya kodi: sahani ya ringiti 40 unailipia 46.40.

Mama Nuru
Sikubali kabisa. Mzazi amesafiri saa kumi na tatu angani, unampeleka baa? Apikiwe nyumbani kwa bintiye! Nimekaa Leicester miaka kumi na moja na nimewapikia Waingereza wa kila namna bila nguruwe, hakuna aliyesusa. Siri ni vyote kufika mezani vikiwa moto. Anza na soseji, moto mdogo, dakika ishirini, usizitoboe. Nyanya zikate nusu, zikaange upande uliokatwa. Uyoga uwe peke yake kwenye kikaango, ukiujaza utatoa maji. Mayai ni ya mwisho kabisa. Soseji tafuta za ng'ombe zenye chenga za mkate ndani, ndivyo zilivyo za kwao. Zile za kuku nyororo kama mpira ziache dukani.

Pwani_Penang
Mama Nuru anasema kweli, na mimi bafe ilinitoa machozi. Mwaka juzi bosi wangu wa zamani wa Bristol alipita Penang, nikamchukua hadi hoteli moja ya ufukweni, siitaji jina. Tulifika saa tatu na nusu, bafe inafungwa saa nne. Maharage ya kopo wanayokula na soseji yalishakauka juu yakawa na ngozi. Soseji zilikuwa ndogo za rangi ya waridi, zimechemshwa. Mkate ulikuwa mtamu kama keki, na mkate mwingi wa huku ndivyo ulivyo. Akaomba chai, ikaja na maziwa ya kopo yenye sukari. Yule bwana alikula kimya, akashukuru. Lakini mtu niliyefanya naye kazi miaka sita namjua, nilimwona amenyong'onyea. Nililipia watu wawili pesa ya kula wiki nzima. Mpaka leo inaniuma, maana yeye alipokuwa mwenyeji wangu Bristol alizunguka mji mzima kunitafutia samaki wa nazi.

Nairobi_Guangzhou
Na hajasema kama mzee anataka ile soseji nyeusi ya damu. Hiyo ni mutura yao, wanatia shayiri. Mutura ya kwetu imeizidi mbali.

Kijiko
Mutura ina pilipili na nyama, huwezi kuilinganisha. Kilicho muhimu ni asiwekewe zile kashata za viazi vya kukaanga, hizo ni za Wamarekani.

Nairobi_Guangzhou
Uingereza ya leo zinawekwa karibu kila mgahawa, nimekula Manchester mara nyingi. Nyakati zimebadilika.

Kijiko
Kuwekwa siyo kuwa za asili. Cha asili ni mkate wa kukaangwa kwenye mafuta ya bekoni.

Mpemba_KL
Jamani mko Malaysia mnahangaika na maharage ya kopo! Mpelekeni mzee akale nasi lemak: wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, yai, pilipili ya sambal. Nilipouonja mara ya kwanza nilimkumbuka bibi yangu Wete.

Mama Nuru
Nasi lemak siku ya pili. Aliyeomba kaomba.

Kijiko
Jambo jingine, saa. Kiangazi hiki Leeds iko nyuma ya KL kwa saa saba. Ukimwamsha saa moja asubuhi, mwili wake uko saa sita usiku. Atalala hadi mchana, bafe itakuwa imefungwa. Baa nyingi zinakipika kutwa.

Mtoto wa Chumbageni
Hilo la saa sikuliwaza, ahsanteni sana. Bafe naitoa. Nguruwe siwezi kuingiza jikoni kwangu, na mke wangu hataki, ila anaogopa baba yake ataona sahani ina pengo. Maharage siyo tatizo, Ayam Brand yapo kila duka. Jioni tunapita Village Grocer kuangalia soseji za ng'ombe.

Mama Nuru
Mwambie amuulize babake waziwazi. Na mkate? Usisahau mkate usio na sukari.

Mtoto wa Chumbageni
Huo ndio sijaupata. Nani anajua duka la mikate hapa Bangsar?

Nairobi_Guangzhou
Mkimaliza, mniambie kama kuna anayejua pa kupata maharagwe hayo ya kopo huku Guangzhou. Nimetafuta Xiaobei yote.