Heda mpya kwenye Datsun 510 (L16) inavuja pale kwenye flenji, gasketi nimeshabadilisha

Bluu_510
Wakuu habari zenu, nina Datsun 510 ya 1971, injini ni ile ile L16 ya kiwandani na kabureta yake sijaigusa. Nimetoa manifoldi ya ekzosi ya zamani nikafunga heda ya 4-2-1 (mabomba ya ekzosi, manne yanaungana kuwa mawili halafu moja), imekaa vizuri tu kwa macho, ila asubuhi nikiwasha ikiwa ya baridi kuna mlio tik tik tik maeneo ya silinda ya 3, ikichemka unapungua, na nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga pa pa pa huku nyuma. Halafu silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, inapanda inashuka, kabla ya heda haikuwa hivi. Gasketi nimeweka mpya, nati nimekaza mpaka naona nikiongeza kidogo kitakatika kitu. Nianzie wapi?

HediYaAlumini
Mkuu acha kukaza kwanza. Hedi (kichwa cha injini) ya L16 ni aluminiamu, hizo studi (bolti zinazoshika manifoldi) ukizilazimisha zinatoka na nyuzi zake na hapo utaanza kutafuta helikoili (nyuzi mpya za kuweka kwenye tundu lililoharibika) kwa kazi ambayo ingeisha jioni moja.
Sasa tatizo lako nadhani ni hili: kwenye L16 intake (manifoldi ya kuingizia hewa na mafuta) na ekzosi ziko upande mmoja wa hedi, zinatumia gasketi moja, na kuna studi ambazo washa (ringi ya chuma chini ya nati) yake moja nene inabana vyote viwili kwa pamoja, nusu imekalia flenji (bamba linalobanwa kwenye hedi) ya intake na nusu ya ekzosi. Manifoldi za kiwandani unene wake unalingana, lakini heda nyingi za kununua flenji yake inakuja na unene mwingine kabisa. Ikiwa nyembamba, washa inalala upande, inabana intake na heda inabaki imeshikwa kwa jina tu, na ukizidi kukaza washa ndo inazidi kulala. Ikiwa nene ni kinyume chake, intake ndo inalegea na inavuta hewa. Chukua venia kalipa upime vyote viwili, usikadirie kwa macho.

Bluu_510
Nimepima mkuu. Heda ni nyembamba kuliko intake karibu milimita 2 na washa mbili za katikati nimezikuta zimepinda kabisa. Lakini mbona silensa nayo inasumbua kama intake ndo iliyobanwa?

HediYaAlumini
Kwa sababu washa iliyolala haibani sawasawa, inashika intake kwa ukingo tu. Hakikisha hivi, washa gari ikiwa baridi kabisa, chukua chupa ya kupulizia yenye maji ya kawaida, puliza kidogo pale intake inapokutana na hedi. Mzunguko ukibadilika hapo hapo umepata. Usitumie petroli wala spirei ya kusafishia kabureta, heda iko chini yake tu na inashika moto haraka.
Dawa yake ni washa nene zenye ngazi, upande wa heda uwe umeshuka kwa hizo milimita 2, mtu yeyote mwenye mashine ya kukereza anakuchongea. Kuna wanaochonga flenji ya intake ilingane na heda, mimi siipendi hiyo, siku ukitaka kurudisha manifoldi ya zamani unaanza upya.

Mzee_wa_Karakana
Nyongeza. Kabla hujarudisha, weka rula ya chuma kwenye uso wa flenji ya heda upitishe fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) chini yake. Flenji ikichomelewa mabomba inajikunja kwa moto, mara nyingi ncha zake ndo zinaachana na hedi, na hakuna gasketi itakayoziba hilo, ipeleke ikasawazishwe. Nyuzi za studi paka grisi ya shaba, anza kukaza katikati kwenda pembeni, kidogo kidogo kwa mizunguko kadhaa, toki (nguvu ya kukazia) ya mwisho fuata kitabu cha gari. Ukishaendesha iache ipoe kabisa urudie kukaza, gasketi mpya inakaa chini baada ya kupata moto.
Zile pa pa pa ni hewa inayovutwa pale panapovuja ikakutana na mafuta ambayo hayajaungua, kwa hiyo usiguse jeti (vitundu vya mafuta ndani ya kabureta) kwanza. Ziba, halafu toa plagi uziangalie. Zikiwa nyeupe mchanganyiko umekuwa mwepesi (mafuta machache kwa hewa), heda inapitisha hewa zaidi, hapo panda jeti kubwa kwa hatua moja.

Bluu_510
Asanteni sana wakuu, washa naenda kuchongesha. La mwisho, nifunge ile bandeji ya kuzuia joto? Bomba moja limepita karibu sana na paipu ya mafuta.

Mzee_wa_Karakana
Kama heda ni chuma cha kawaida usifunge. Bandeji inashika unyevu, na bomba linakaa na joto kubwa kuliko lilivyozoea, kutu inalila kwa ndani ya bandeji huoni mpaka litoboke. Bora koti ya seramiki (ya kupaka kwenye bomba), na hiyo paipu ihamishe, au weka bati katikati na uache nafasi ya hewa kupita. Angalia pia mtu akiwa amekanyaga mafuta, injini inayumba kwenye mauntingi (raba zinazoibeba) zake, bomba linalopita sentimita 1 kutoka kwenye bodi likiwa limetulia linaweza kugonga ukiondoka kwa nguvu. Mauntingi zikiwa zimechoka badilisha kwanza ndo upime hizo nafasi.