Tupeane uzoefu: Sauti ipo, picha hakuna. Runinga yako ya LCD ilikutesaje?

Bisibisi Butu
Wakuu, habari zenu. Jana usiku runinga yangu ilipoteza mwanga ghafla katikati ya taarifa ya habari, na msomaji akaendelea kusoma kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilibonyeza rimoti, sauti ikapanda na kushuka. Nikabadilisha chaneli, nazo zikabadilika. Lakini kioo kilibaki cheusi tititi. Nilikumbuka runinga yangu ya kwanza, ambayo niliitupa kwa ugonjwa huu huu, kisha jirani akaiokota, akaitengeneza, na nikawa naisikia ikiunguruma ng'ambo ya ukuta kila jioni. Kabla sijarudia kosa hilo, naomba kila aliyewahi kukutana na runinga iliyopoteza mwanga wa nyuma, au iliyogoma kuwaka kabisa, aeleze ilianzaje, aligundua nini, na katika kuitengeneza aliharibu nini kingine.

Tochi Mkononi
Zima taa za chumbani, iwashe runinga, kisha sogeza tochi karibu kabisa na kioo na uimulike kwa mshazari. Ukiona watu wakitembea gizani kama vivuli, kioo chako ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma au kinachozilisha umeme.

Mama Wawili
Hilo ni kweli tupu. Mimi niliona nembo ya chaneli ikielea gizani kama samaki kwenye maji machafu, nikashangilia kama mtu aliyepona, kumbe nilikuwa nimeambiwa jina la ugonjwa tu.

Fundi Mstaafu
Naona tayari magonjwa mawili yameanza kuchanganywa, kwa hiyo niruhusuni niyatenganishe kwa kisa. Runinga yenye sauti bila mwanga ni kesi moja. Runinga isiyowaka kabisa, au inayowasha kitaa chekundu na kuishia hapo, ni kesi nyingine. Niliwahi kuletewa ya aina hii ya pili na mzee aliyekuwa ameizoea kama mtu anavyozoea goti bovu. Mwanzoni ilichelewa kuwaka kwa dakika moja, baada ya miezi kadhaa ikawa dakika kumi, na mwishowe alikuwa akiichomeka kwenye umeme tangu mchana ili imkubalie mechi ya usiku. Nilipofungua kava, kapasita mbili (vikopo vidogo vinavyotunza chaji ya umeme) kwenye njia ya volti 12 zilikuwa zimevimba vichwa, na moja ilikuwa imetema ute wa kahawia uliokauka kwenye bodi. Nilizibadilisha zote mbili, na runinga ikaendelea kuchelewa vilevile.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi. Kapasita iliyokuwa inazuia runinga kuamka ilikuwa ndogo, iliyonyooka, yenye sura ya afya kabisa, kwenye sehemu inayotengeneza zile volti 5 za stendibai, yaani za runinga inayosubiri kuwashwa. Bodi kuu hulishwa na volti hizo muda wote. Unapobonyeza rimoti, bodi kuu hutuma ishara ya kuwasha kwa bodi ya pawa, ile inayogawa umeme, na hapo ndipo volti 12, na katika runinga nyingine volti 24, zinapotoka. Volti 5 zikiwa zinayumba, bodi kuu haina nguvu hata ya kuomba. Kwa hiyo usipime kapasita kwa macho peke yake. Unapobadilisha, thamani iwe ile ile, volti ziwe zile zile au zaidi, chagua zinazohimili nyuzi joto 105, na uangalie upande wa hasi mara mbili, kwa kuwa ukiigeuza itakujibu kwa mlio.

Njiwa Mweupe
Ya kwangu ilikuwa ikiamka nikiipulizia hewa ya moto ya kukaushia nywele kwenye matundu ya nyuma. Niliishi hivyo mwaka mzima.

Kijana wa Mita
Ndugu Njiwa, usicheke, kwa sababu hicho kilikuwa kipimo halali bila wewe kujua: kapasita iliyochoka hufanya kazi vizuri zaidi ikipata joto, na runinga inayoamka kwa joto huwa inakuonyesha mahali pa kuanzia. Mwaka mzima, hata hivyo, ni mwingi.

Mimi naongeza kosa langu mwenyewe. Nilitaka kupima ile kapasita kubwa upande unaoingia umeme, ambayo kwenye runinga nyingi hukaa na volti kati ya 300 na 400 za umeme mnyoofu (DC) wakati runinga inafanya kazi. Niliweka waya mweusi wa mita kwenye bati la runinga kama nilivyozoea kwenye redio, nikaweka mwekundu kwenye kapasita, na mita ikanipa namba isiyo na kichwa wala miguu. Nikahukumu kwamba sehemu yote ile imekufa, nikaibadilisha bila sababu. Upande huo hautumii hasi moja na bati. Transfoma imezitenganisha makusudi, ili umeme wa ukutani usimfikie anayegusa runinga. Waya mweusi ulitakiwa kukaa kwenye mguu wa hasi wa kapasita yenyewe.

Bisibisi Butu
Je, kapasita hiyo kubwa inabaki na umeme hata nikichomoa plagi?

Chuma Chakavu
Inabaki, na dawa yake ni kugusisha miguu yake kwa bisibisi. Inatoa cheche moja, mambo yanaisha. Nimefanya hivyo tangu ujana na vidole vyote kumi ninavyo.

Fundi Mstaafu
Ndugu Chuma Chakavu, nakuheshimu, lakini usimfundishe mtu jambo hilo mbele yangu. Cheche hiyo hula ncha ya bisibisi, hula njia ya shaba kwenye bodi, na inaweza kuua kijisaketi (IC) kilicho jirani. Tumia rezista (kifaa cha kupunguza kasi ya umeme) yenye uwezo wa kuhimili joto, au holda yenye balbu ya waya na nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, kisha hakikisha kwa mita kwamba kilichobaki ni karibu na sifuri.

Chuma Chakavu
Wengine mlizaliwa na holda mkononi. Sisi tulianza na bisibisi.

Kijana wa Mita
Wewe ulianza na bahati, mzee wangu, na bahati haiuzwi dukani ili aliyeuliza akainunue.

Mama Wawili
Mkimaliza kugombana mtuambie: je, kila fyuzi inayoungua inabadilishwa tu?

Njiwa Mweupe
Dada, mimi sikubadilisha hata fyuzi. Nilizungushia uzi mmoja wa waya wa shaba mahali pake. Kilichofuata ni mlio, moshi na harufu iliyokaa kwenye mapazia mpaka tulipoyafua.

Kijana wa Mita
Fyuzi iliyokatika taratibu, kioo chake kikiwa safi, inaweza kuwa uchovu. Fyuzi iliyobaki nyeusi ndani inakuambia kuna kitu kimeshikana, yaani kimepiga shoti, mbele yake: mara nyingi zile dayodi nne za kugeuza umeme wa ukutani uwe mnyoofu, au mosfeti (swichi ya kielektroniki) ya kwenye bati la kupooza. Pima hivyo kwanza umeme ukiwa umechomolewa. Baada ya hapo, usirudishe runinga moja kwa moja ukutani, bali unganisha balbu ya waya ya wati 60 au 100 kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna kilichoshikana, na balbu imekuokolea fyuzi ya pili.

Sikio la Kufa
Wakuu, nimekuwa nikisoma kimya, lakini aliyeanzisha mada amenigusa kidonda. Naomba nisimulie kisa ambacho hata nyumbani hatukizungumzi.

Runinga yangu ya inchi 43 ilikuwa inatoa mwanga kwa sekunde mbili kisha inazima, huku sauti ikiendelea. Nilinunua kipimio cha LED, zile taa ndogo za nyuma ya kioo, nikafungua kava ya nyuma, nikachomoa plagi ya taa kwenye bodi ya pawa, nikapima kwenye nyaya zake bila kugusa kioo. Safari hii hazikuwaka kabisa. Kipimio kilipanda mpaka volti zake za mwisho na kusiwe na hata nukta ya mwanga. Hapo nilijua mnyororo umekatika, kwa sababu LED hizo zimepangwa kwa mfululizo kama shanga kwenye uzi mmoja, na moja ikikatika zote zinalala.

Tatizo ni kwamba taa zipo nyuma ya kioo, na hakuna njia ya kuzifikia ila kukitoa. Nilisafisha meza, nikatandika shuka, nikapanga skrubu kwenye vifuniko vya chupa kulingana na mahali zilipotoka. Kioo chenyewe, kikishatolewa fremu, hakina ugumu wowote wa kukitegemea, na ukingoni kimegandishiwa tepe laini zenye vijisaketi ambavyo ukivivuta kidogo tu unapata mistari isiyofutika. Nilikinyanyua peke yangu kwa kuwa mke wangu alikuwa kazini na subira yangu ilikuwa imekwisha. Kilipinda katikati, nikabana pumzi, nacho kikatua kitandani salama.

Chini yake kulikuwa na karatasi nyeupe tatu za kusambaza mwanga, nikazipiga picha kwa simu ili nisichanganye mpangilio wake. Kisha nikazikuta taa, LED nane kila kipande, kila moja chini ya lenzi yake ya mviringo. Niligusa moja baada ya nyingine kwa ncha za kipimio, zikawa zinawaka, mpaka nilipofika ya tano kwenye kipande cha pili. Hiyo haikuwaka. Ilikuwa na doa jeusi katikati ya ule unjano wake, dogo kama kichwa cha pini, na doa hilo ndilo lililokuwa limeizima runinga nzima.

Nilibadilisha vipande vyote. Niliviwasha kwa kipimio kabla ya kufunika, na chumba kikawa cheupe mpaka nikafumba macho. Nikawaita watoto waje waone baba yao alivyo fundi, na hapo ndipo nilipojimaliza. Wakati narudisha kioo, mdogo aliuliza kama anaweza kunisaidia kushika upande mmoja. Niligeuka kumkataza, na kona ikagusa ukingo wa bati. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu amevunja kijiti kikavu chumba cha pili. Nilifunga kila kitu huku nikijidanganya kwamba ni plastiki, nikawasha. Sauti safi. Mwanga wa kupendeza, sawia kila pembe. Na kutoka kwenye kona ile, ufa mweusi wenye matawi umefika mpaka katikati.

Mama Wawili
Pole sana, kaka. Nimeusikia mlio huo hapa nilipo.

Tochi Mkononi
Mtoto alisema nini?

Sikio la Kufa
Alisema, "Baba, si ningeshika?"

Chuma Chakavu
Watoto wapelekwe kwa bibi yao kabla ya kufungua skrubu ya kwanza.

Kijana wa Mita
Kinyume chake, mtoto alikuwa sahihi. Kioo hunyanyuliwa na watu wawili, na kama kuna vikombe vya kunyonya, ni bora zaidi. Nina swali moja tu: LED moja imekufa, kwa nini ulibadilisha vipande vyote?

Fundi Mstaafu
Kwa sababu zote zimefanya kazi saa zile zile kwa joto lile lile. Ukibadilisha moja, utakifungua tena kioo hicho hicho.

Tochi Mkononi
Mimi nilibadilisha moja tu na sasa ni mwaka wa pili. Angalizo langu ni kwamba kuna LED za volti 3 na za volti 6 zenye sura moja, na ukizichanganya utapata doa la giza au runinga itakayozima yenyewe. Lenzi nazo zigandishwe vizuri, kwani ikidondoka moja utaona duara jeupe kali kwenye picha.

Fundi Mstaafu
Mwaka wa pili haujaisha.

Njiwa Mweupe
Mimi baada ya matengenezo nilipunguza mwanga wa nyuma kwenye mipangilio kutoka 100 hadi 50. Macho yalizoea kwa siku mbili, na taa zinapata joto dogo zaidi.

Mama Wawili
Wenye runinga za zamani msisahauliwe. Ile ya kwetu haikuwa na LED bali mirija myembamba ya mwanga, na kabla ya kufa ilikuwa inawaka na wekundu fulani kwa dakika kadhaa kila asubuhi. Fundi alieleza kwamba mirija ikizeeka huanza hivyo, na kwamba bodi inayoiwasha hutoa volti zaidi ya 1000 wakati wa kuianzisha, kwa hiyo hakuniruhusu hata kusogea. Mirija hiyo ina zebaki, isivunjwe ovyo.

Bisibisi Butu
Nimerudi. Kwa tochi nimeona picha, hafifu lakini kamili. Nimefungua kava ya nyuma na kupima kwenye plagi ya taa kwa uangalifu mkubwa: ninapowasha, volti zinaruka juu kwa muda mfupi, kisha zinaanguka. Je, ni bodi au ni taa?

Kijana wa Mita
Ingekuwa hakuna volti kabisa, ningekuambia uangalie kama ishara ya kuwasha mwanga inatoka bodi kuu, halafu ushuku saketi inayozilisha taa. Kwa kuwa zinaruka juu kuliko kawaida kisha ulinzi unazikata, bodi inajaribu kusukuma na haipati pa kupitishia. Nashuku taa au plagi zake. Chomoa umeme, toa chaji, kisha thibitisha kwa kipimio cha LED kabla hujagusa kioo, maana wakati mwingine ni pini moja iliyoungua.

Bisibisi Butu
Nimeelewa. Kama ni taa, kioo nitakitoa Jumamosi, na shemeji atakuja kushika upande wa pili.

Tochi Mkononi
Sikio la Kufa, runinga yako ilifia wapi?

Sikio la Kufa
Kioo nilikitupa. Taa zile mpya zilikuwa nzima, kwa hiyo nilizifunga ukutani na zile karatasi zake tatu, nikaziunganishia pawa saplai inayozifaa. Mdogo ndiye anayefanyia kazi za shule chini yake, na kila anapoiwasha ananitazama.