Mhariri wa mswada: yupi wa kumchukua?

Mtunza_Tuta: Wakuu, habari. Nipo Mbeya, nina mswada wa kijitabu cha kilimo cha viazi mviringo, kurasa 60. Wahariri wawili wamepewa kurasa zilezile tano za majaribio. Mmoja karudisha kazi safi, sentensi zimenyooka kama za gazetini. Mwingine kagusa kidogo tu, ila pembeni kajaza maswali 19. Nimchukue yupi?

Kalamu Nyekundu: Wa maswali, ila tazama anauliza nini. Tuseme mswada unataka nafasi ya sentimita 75 kwa 30, kisha mstari wa chini unasema mbegu 8,000 kwa ekari. Shina moja hapo lina mita za mraba 0.225, ekari ni 4,047, kwa hiyo mashina ni karibu 18,000. Asiyepiga hesabu atapita akihangaika na mikato. Akiliona pia asirekebishe kimyakimya, huenda kilichokosewa ni nafasi. Na "gunia 60 kwa ekari" ni gunia la kilo 100 au lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo? Akuulize.

Mama Prufu (Iringa): Lugha nayo msiidharau. Pima kama kakamata "ili pandwa" iliyokatwa vipande viwili, "katika shambani", "mkulima yoyote". Kompyuta haioni "kura" ikikaa mahali pa "kula", yote ni maneno halali. Halafu huyo wa kwanza, masahihisho yake yanaonekana? Nakala isiyo na alama irudishe, huwezi kujua kafuta nini.

Nyanda_Juu: Omba pia orodha ya maamuzi. Ni karatasi moja tu: ekari au eka, kupulizia dawa au kunyunyizia. Bila hiyo ukurasa wa 8 utapingana na wa 50. Na anayefuta "lumbesa" eti si neno la vitabuni hawajui wasomaji wako. Liache, ongeza kilo. Prufu, yaani usomaji wa mwisho wa kusaka makosa, isubiri kitabu kikishapangwa kurasa. Ukihamisha aya baada ya hapo, namba za yaliyomo zinaharibika.

Mtunza_Tuta: Nimelinganisha nakala mbili kwenye Word. Wa kwanza, niliposema mbegu zichipuzwe "kwenye mwanga hafifu", yeye kaandika "gizani". Sentensi imekuwa fupi kweli.

Kalamu Nyekundu: Fupi, na machipukizi ya gizani yanarefuka, yanapauka, yanakatika ukiyapanda.