Mbwa mkubwa au mdogo? Nyumbani kuna mtoto wa miaka mitatu na bibi mwenye mkongojo

Mama Neema, Njiro

Habari zenu wapenzi wa mbwa. Naombeni ushauri, maana hapa nyumbani mjadala hauishi. Tunakaa Njiro, Arusha, nyumba ina uzio wa michongoma, ukuta bado hatujajenga. Watoto watatu, mkubwa yuko darasa la saba, kitindamimba ana miaka mitatu. Tunaishi na mama mkwe, anatembelea mkongojo tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga.

Baba Neema amepata mahali wanauza watoto wa German Shepherd, anataka dume. Anasema vibaka wamezidi, na ni kweli, jirani yetu kaibiwa pampu ya maji juzijuzi. Mimi moyo wangu uko kwa Japanese Spitz, wale weupe wenye manyoya mengi, watoto wapate wa kucheza naye. Mchana wanaobaki nyumbani ni mama mkwe, kitindamimba na dada wa kazi, na dada anaogopa mbwa. Chakula tutakachompa ni cha kawaida tu, ugali wa dona, dagaa, utumbo wa sokoni. Mngekuwa nyie mngechukua yupi?

Baba Jose, Kibaha

Mama Neema, msikilize mzee. German Shepherd ni mbwa wa familia hasa. Jike langu anajua mlio wa bodaboda anayeleta watoto kutoka shule, anakwenda kukaa getini kabla hawajafika kona. Mgeni akiingia hang'ati, anasimama tu mbele yake mpaka mmoja wetu atoke, na hiyo inatosha.

Ila mjue ana kazi. Huyu asili yake ni mbwa wa kuchunga kondoo, Wajerumani ndio waliomtengeneza kwa kazi hiyo. Mimi natoka naye alfajiri kabla ya kazini na jioni tena, mvua ije isije. Kuna mtu mtaani kwetu alimfunga wa kwake mnyororo kutwa kucha, akawa anarukia kila kinachopita, hata kuku. Kama Baba Neema hana muda huo, asimchukue.

Wa Ruaka

Salama Mama Neema. Mimi niko Nairobi, naishi kwa fleti na Spitz wangu, na nampenda sana. Ana akili, anashika mafunzo haraka, na hakuna mtu anapita kwa mlango bila yeye kutangaza. Lakini hayo manyoya lazima uyachane kila wiki, na akinyonyoka unayaokota hadi kwa chai. Msimu wa mvua ndefu, mbwa mweupe kwa uwanja wa tope ni kazi ya huyo dada wenu. Pia huyu wangu hajazoea watoto wadogo, wakija wageni na mtoto huingia chini ya kiti.

Mzee wa Chanjo, Tengeru

Mama Neema, mimi ni mtu wa mifugo, miaka mingi nimezunguka na boksi la chanjo huku Arumeru. Nianze na mama mkwe, maana naona wote wamemruka.

Dume la German Shepherd aliyekomaa ana kilo 30 hadi 40. Mwili anaupata mapema, utulivu unachelewa. Akiwa na miezi kumi ni jibwa tayari, lakini kichwani bado ni mtoto, na utulivu huanza kumwingia akikaribia miaka miwili. Hataki kumdhuru bibi. Anamfurahia tu, anakuja mbio, anamparamia kifuani, au anapita kati ya mguu na mkongojo. Nyonga iliyokwisha kufanyiwa upasuaji haitaki kuanguka hata mara moja. Na saa hizo Baba Neema yuko kazini.

Sasa Spitz. Kilo 5 hadi 10, mifupa ya mbele myembamba kama kijiti cha mshikaki. Mtoto wa miaka mitatu atambeba, mbwa atajipapatua, ataanguka sakafuni. Miguu ya mbele iliyovunjika kwa namna hiyo nimeifunga sana. Na mbwa mdogo akibanwa pembeni na mtoto anayemvuta mkia, atajitetea kwa meno, na uso wa mtoto uko hapo hapo usawa wake. Akifika miaka sita au saba, Spitz atamfaa kabisa.

Ningekuwa mimi ningechukua wa katikati, kilo 15 hadi 20, chotara au hawa wetu wa kienyeji, jike aliyefungwa kizazi, na awe amekua tayari, miaka miwili hivi. Watu wanawadharau kwa kuwa hawana jina la ukoo. Mimi nawaheshimu. Wanavumilia jua, na ugali wenu utawatosha wakiongezewa dagaa. German Shepherd homa ya kupe ikimpata humpiga vibaya kuliko mbwa wengi, na Arusha kupe hawaishi. Ulinzi usiwatie shaka. Kibaka anayefuata pampu anakimbia kelele, na chotara anabweka vizuri tu.

Uzuri wa mbwa aliyekua ni kwamba tabia yake unaiona kabla hujamchukua. Nendeni na mtoto na mkongojo. Mpitishie mkongojo kando yake. Dondosha mfuniko wa sufuria nyuma yake. Akishtuka kisha akaja kuunusa, huyo anafaa. Akijificha asitoke, au akiunguruma, mwacheni. Mshike masikio, mshike vidole vya miguu, mtazame anapokula mtu akipita karibu.

Kuhusu chakula, mbwa wa kilo 35 anakula zaidi ya mara tatu ya wa kilo 7, karibu nusu kilo ya chakula kikavu kila siku. Pigeni hesabu ya mwezi kabla ya kubishana. Utumbo uchemsheni uive. Maini au mapafu yenye vifuko vya maji msimpe kabisa, tegu wabaya hutokea humo na wanarudi kwa watoto. Mifupa ya kuku iliyopikwa isimfikie.

Mama Neema, Njiro

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea Baba Neema yote, amekaa kimya, kisha akauliza: michongoma itamzuia? Na dada tumfanyeje?

Mzee wa Chanjo, Tengeru

Marahaba mwanangu. Michongoma haizuii mbwa, anapita chini. Wekeni wavu wa waya kwa ndani, ufukieni shubiri moja ardhini. Dada ndiye awe anampa chakula tangu siku ya kwanza, aweke bakuli aondoke, bila kulazimishwa kumgusa. Watoto wasimkimbize dada na mbwa kwa utani, hofu yake itakuwa ya kudumu.

Ombeni kadi ya chanjo. Kama haipo, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo achanjwe kichaa cha mbwa, na kila mwaka warudie. Na watoto wote waambiwe: aliyeng'atwa na mbwa yeyote, hata huyu wa kwenu, aseme. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali bila kungoja kesho.