Naomba ushauri: Impreza WRX ya 2002 inamaliza betri ikilala siku tatu

Wakuu, naombeni msaada. Gari ni Subaru Impreza WRX ya 2002, betri mpya ya Ah (ampea-saa) 45. Ikilala siku tatu, stata inagonga tu, injini haizunguki. Betri ikijaa inasoma volti 12.6, injini ikiwaka 14.1, kwa hiyo kuchaji kuko sawa.

Nimetoa waya wa hasi nikaweka mita katikati, tundu la ampea 10. Funguo nje, boneti wazi, swichi ya mlango nimeibana ili gari ijue mlango umefungwa. Baada ya dakika 40 bado inavuta ampea 0.38, wakati kawaida haitakiwi kuzidi 0.05. Hiyo ni kama Ah 9 kwa siku!

Fyuzi sijachomoa, maana ukirudisha unaamsha vifaa vilivyokwisha kulala na kipimo kinavurugika. Nimepima milivolti juu ya kila fyuzi, za ndani na za kwenye boneti: zote sifuri, yaani hakuna umeme unaopita humo. Kwa hiyo redio na taa za ndani hazihusiki.

Nashuku diodi za altaneta (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) zinavujisha, au alamu iliyofungwa baadaye, ambayo waya wake unaenda moja kwa moja betri. Nikifungua waya mnene wa altaneta (hasi ikiwa imetolewa kwanza), nikauvalisha tepu kichwani kisha nikapima tena, 0.38 ikipotea nihukumu diodi moja kwa moja? Na kwa wanaojua nyaya za alamu: nianze kuzifuata kwenye swichi ya funguo au kwenye betri?